Ukaguzi wa Lazima wa Vifaa vya Umeme vya Helikopta: Mwongozo kwa Mafundi Walioko Uganda

Agizo la usalama wa ndege, ambalo kwenye hanga hutajwa kwa herufi mbili tu, AD, ni amri. Likishaihusu helikopta na muda wake ukapita, helikopta hiyo haistahili kuruka mpaka kazi ifanywe na kuandikwa, hata kama injini inanguruma vizuri na taa zote zinawaka. Maagizo ya umeme mara nyingi hugusa vitu vidogo kwa macho: waya unaosuguana na bomba, relei inayoganda, plagi yenye pini iliyorudi nyuma, swichi inayoingiza maji. Vitu hivi havitoi dalili mapema, na ndiyo maana mamlaka zikaamua kulazimisha vikaguliwe.

Fundi akumbuke jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi. Katika helikopta, umeme huharibika kwenye maungio kabla ya kuharibika kwenye visanduku vya vifaa. Mtikisiko wa rota haukomi tangu injini inapowashwa mpaka inapozimwa, na kila terminali, klampu na pini inaupokea. Anayekimbilia kubadilisha kisanduku kabla ya kukagua waya unaokilisha atabadilisha vitatu na tatizo litabaki palepale.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya spana

Andika modeli ya helikopta, namba yake ya mfululizo, jumla ya saa ilizoruka na tarehe ya siku. Kisha tengeneza orodha tatu za AD: za bodi, za injini, na za vifaa vilivyofungwa humo kama redio, betri na kitoa ishara za dharura. Orodha ya bodi peke yake haitoshi. Stata-jenereta au kitoa ishara kinaweza kuwa na AD yake inayojitegemea, ambayo hutaiona ukitafuta kwa jina la helikopta.

AD hutoka kwa mamlaka ya nchi iliyobuni aina hiyo ya helikopta. Ya Robinson R44 hutoka FAA ya Marekani, ya Bell 407 hutoka Transport Canada, na ya H125, ambayo wengi bado wanaiita AS350, hutoka EASA ya Ulaya. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago kinaitaka nchi iliyosajili ndege kuzitumia taarifa hizo, au kuzitathmini na kuchukua hatua inayofaa. Kwa helikopta yenye alama 5X, mwenye jukumu hilo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA. Helikopta yenye 5Y inayopeleka watalii Kidepo bado iko chini ya Kenya, na yenye 5H iko chini ya Tanzania, hata kama inalala Kajjansi mwaka mzima. Hili lina uzito mkubwa unapoomba kibali cha kubadili njia ya kufanya kazi. Kibali hicho hutolewa na mamlaka. Bosi wa hanga hana uwezo wa kukitoa, wala mwenye helikopta hana.

Soma namba ya AD kwa makini. Ya FAA ina sehemu tatu: mwaka, kipindi cha wiki mbili ndani ya mwaka huo, na nafasi yake ndani ya kipindi. Ya EASA ina mwaka na namba ya mfuatano. Ukiona R na tarakimu mwishoni, hilo ni toleo lililorekebishwa, na E ni la dharura. Fundi aliyepiga chapa AD mwezi uliopita na kuiweka kwenye faili ahakikishe tena siku ya kazi kwamba haijarekebishwa.

Kisha jiulize kama inakuhusu. AD huchagua helikopta kwa namba za mfululizo, au huchagua kifaa kwa namba ya sehemu yake. Ikiwa ni kifaa, usitegemee daftari. Fungua kifuniko, safisha kibao cha chuma kilichogongwa namba, usome kwa tochi. Vifaa vya umeme huhamishwa mara nyingi kutoka helikopta moja kwenda nyingine, na daftari huchelewa kufuata.

Suala la muda huwakwamisha wengi hapa kwetu. AD inaweza kusema kazi ifanywe ndani ya saa kadhaa za kuruka au miezi kadhaa, lolote litakalotangulia. Helikopta inayoruka saa 10 kwa mwezi hufikishwa na kalenda kabla ya saa, na mwenye kutazama mita ya saa tu atavuka tarehe bila kujua. Wazeeshaji wa ganda la waya ni unyevu, joto na miaka, na vitu hivyo havisubiri helikopta iruke. AD ikisema kazi ifanywe kabla ya kuruka tena, maana yake ni hiyo tu: helikopta isiruke. Kama helikopta iko Moroto na hanga liko Kajjansi, ombeni kibali maalum cha kuihamisha, na tazameni kwanza kama AD yenyewe haikatazi.

Mwisho wa karatasi, AD nyingi hutaja taarifa ya kiufundi ya mtengenezaji pamoja na toleo lake. Tumia toleo lililotajwa. Kama mtengenezaji ametoa jipya zaidi, tazama kama AD inaruhusu matoleo yanayofuata.

Hatua ya 2: Zana na vipuri

Andaa multimita yenye kibandiko cha urekebishaji ambacho hakijapitwa na muda, mita ya miliomu yenye nyaya nne, toki renchi ya kiwango kidogo, koleo la kubana terminali linalolingana na terminali zenyewe, kioo cha kukagulia, tochi nyeupe yenye mwanga mkali, brashi laini ya nailoni, kifyonza vumbi na alkoholi ya isopropili. Ongeza vifuniko 20 hivi vya plagi na vitambulisho vyekundu 10. Plagi iliyoachwa wazi kwa usiku mmoja kando ya Ziwa Victoria, wakati wa msimu wa wadudu wa ziwani, asubuhi utaikuta imejaa.

Kipuri kisicho na karatasi hakifungwi. Tafuta fomu 8130-3 ya FAA au Fomu 1 ya EASA, ulinganishe namba ya sehemu na ya mfululizo, herufi kwa herufi. Relei, fyuzi au waya wa gari kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, hauna nafasi kwenye helikopta hata kama unafanana kwa rangi na unene. Waya wa kawaida wa gari una ganda la PVC ambalo likiungua hutoa moshi mzito wenye sumu, na ndani ya kibanda cha rubani moshi huo unaua kabla ya moto. Waya wa ndege hujaribiwa kwa joto na moto, na viwango vyake vimechapishwa juu ya ganda lenyewe.

Hatua ya 3: Zima, kata, subiri

Zima swichi zote, chomoa umeme wa nje, kisha ondoa waya hasi wa betri kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata shoti yenye mamia ya ampea mkononi. Funga kitambulisho chekundu kwenye swichi kuu ya betri. Vua pete, saa na bangili.

Taa za kumetameta na visanduku vya kuwashia injini za tabo (turbine) hubaki na chaji kali baada ya umeme kukatwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye mwongozo, na kama ni taa za kumetameta usipungue dakika 5. Kwenye injini ya pistoni kama ya R44 kuna hatari nyingine: magneto haitegemei betri. Huzimwa kwa waya unaoipeleka kwenye bodi. Waya huo ukikatika, magneto hubaki hai ingawa ufunguo umezimwa, na kuizungusha injini kwa mkono kunaweza kuiwasha.

Hatua ya 4: Angalia kabla ya kugusa

Tumia muda mwingi zaidi hapa. Usivute waya wala kuusogeza kabla ya kuupiga picha ulivyo, kwa sababu ushahidi wa msuguano hupotea mara tu fungu linaposogea.

Fuata fungu la waya kutoka mwanzo hadi mwisho kwa tochi na kioo. Klampu zisiachane zaidi ya sentimita 60, na kati ya klampu mbili waya usilegee zaidi ya nusu inchi ukiubonyeza taratibu kwa kidole. Tazama raba ya kila klampu: ikikakamaa na kupasuka, chuma huanza kula ganda. Mpindo wa fungu usiwe mkali kuliko mara 10 ya kipenyo cha waya mnene kuliko zote ndani yake. Pale waya unapopita karibu na bomba la mafuta au la haidroliki, uwe juu ya bomba, usiwe chini yake, na umbali wa sentimita 15 ndio unaotakiwa panapowezekana. Bomba likivuja juu ya waya uliochubuka, moto umekwisha kupata vyote vinavyouhitaji.

Sehemu za kutiliwa shaka zaidi ni hizi: mahali waya unapotoboa ukuta wa injini, chini ya viti karibu na fimbo za usukani, kwenye mkia ambako mtikisiko ni mkubwa, na kwenye bawaba za milango. Tafuta vumbi jeusi linalong'aa karibu na klampu. Hilo ni ganda na chuma vilivyosagwa pamoja. Doa la kahawia kwenye ganda linaonyesha joto, na joto karibu kila mara linatoka kwenye terminali iliyolegea iliyo karibu, wala si kwenye waya wenyewe.

Kwenye kila skrubu ya terminali zisizidi terminali nne. Nati ikilegea, usiikaze tu ukaondoka. Ifungue, tazama kama uso umebadilika rangi, safisha, kisha kaza kwa toki iliyoandikwa. Terminali iliyowahi kupata joto imepoteza ugumu wake na italegea tena.

Fungua plagi zilizotajwa na AD. Pini zote ziwe na kimo kimoja. Iliyo chini ya wenzake haijashikwa na kufuli lake, na hugusa leo ikaacha kesho. Rangi ya kijani ni kutu ya shaba. Matundu yasiyo na waya lazima yazibwe kwa vizibo vyake, la sivyo maji huingia nyuma ya plagi na kukaa humo. Waya unaoingia kwenye plagi kutoka juu unahitaji kupindwa kidogo chini ya usawa wa plagi ili maji yadondokee pale badala ya kuingia. Helikopta zinazolala nje Entebbe huonyesha makosa haya mapema, kwa sababu unyevu wa ziwa na mvua za Machi hadi Mei hazipumziki. Karamoja adui ni vumbi jekundu, ambalo hushikamana na mafuta kwenye swichi na kuzifanya zigande. Panya nao wasisahauliwe kwenye maegesho ya vijijini: kinyesi chao chini ya sakafu kikionekana, ondoa paneli zote za eneo hilo, hata zile ambazo AD haikuzitaja.

Vikatizi vya umeme vikaguliwe kwa nyuma pia. Plastiki iliyobadilika rangi, harufu ya kuungua, au kitufe kinachotoka kwa ulegevu ni sababu ya kukibadilisha. Kikatizi kilichokaa miaka bila kuvutwa hujenga tabaka la oksidi kwenye midomo yake. Mwongozo ukiruhusu, vuta na urudishe mara kadhaa huku umeme umekatwa. Usiweke kikatizi chenye ampea kubwa kuliko kilichokuwepo ili kukomesha usumbufu wa kuruka kwake. Kikatizi kinaulinda waya, na ukikiongeza nguvu, waya ndio utakaoanza kuungua.

Hatua ya 5: Pima, lakini pima kitu sahihi

Kupima mwendelezo kwa multimita hudanganya. Waya wa ndege wa saizi 20 una nyuzi 19. Zikikatika 18, uzi mmoja uliobaki utaipa mita jibu zuri kabisa, kwa sababu mita hupeleka mkondo mdogo sana. Pima upungufu wa volti wakati kifaa kinafanya kazi.

Rudisha umeme, washa kifaa, weka ncha moja ya mita kwenye upau unaogawa umeme na nyingine kwenye terminali chanya ya kifaa. Unachosoma ndicho kinachopotea njiani. Kwenye mfumo wa volti 28, kifaa kinachofanya kazi mfululizo kisipoteze zaidi ya volti 1, na kinachofanya kazi kwa vipindi kisizidi volti 2. Kwenye mfumo wa volti 14, kama wa R22, viwango hivyo hugawanywa kwa mbili. Kisha pima upande wa hasi, kutoka terminali ya kifaa hadi hasi ya betri. Upande huu husahauliwa, na makosa mengi yamo humo: rangi au kutu chini ya terminali inayofungwa kwenye bodi. Mlio wa altaneta unaosikika kwenye headseti mara nyingi hutokana na ungio la bodi lililo baya.

Nyaya bapa zinazounganisha vipande vya bodi pamoja hupimwa kwa mita ya miliomu. Kikomo kinachotumika sana ni omu 0.003. Multimita ya kawaida haiwezi kazi hii, kwa kuwa nyaya zake zenyewe zina upinzani mkubwa kuliko huo mara nyingi. Uganda ina ngurumo na radi kwa wingi, na nyaya hizi ndizo njia ya radi kupita bila kuruka cheche kwenye bawaba au karibu na tangi.

Hatua ya 6: Betri

Jua kwanza ni ya aina gani. Ya asidi na risasi, ya volti 24, ikipumzika na kusoma chini ya volti 25 inahitaji chaji. Ya nikeli-kadmiamu haiwezi kuhukumiwa kwa volti hata kidogo. Ni mpaka jaribio la uwezo, yaani kupima ni chaji kiasi gani inaweza kuitoa. Kwa aina zote mbili fuata asilimia ya uwezo iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo mara nyingi haishuki chini ya 80. Betri inayowasha injini bila shida inaweza kushindwa jaribio hilo, na hapo ndipo wamiliki hubishana na fundi. Usiyumbe. Jenereta ikifa angani, betri ndiyo inayobeba redio na vipimo mpaka rubani atue, na hesabu ya dakika zake imetoka kwenye uwezo huo.

Betri ya nikeli-kadmiamu huwa na seli 19 au 20 za volti 1.2. Hatari yake ni joto linalojizidisha: seli ikipata moto hupokea mkondo mwingi zaidi, mkondo huo huongeza moto, na mzunguko haukomi mpaka chaji ikatwe. Kwa hiyo kihisi joto cha betri na taa yake ya onyo vijaribiwe kila mara. Maji yaliyosafishwa huongezwa mwishoni mwa chaji, si betri ikiwa tupu. Kiwango hupanda inapochajiwa, na ukijaza mapema kimiminika kitamwagika juu ya viunganishi. Zana, chumba na hata bomba la kupimia visichanganywe kati ya aina hizi mbili. Tone la asidi huharibu seli ya alkali. Asidi iliyomwagika huzimwa kwa magadi ya kuokea, na alkali kwa asidi ya boriki.

Hatua ya 7: Stata-jenereta na magneto

Helikopta za tabo hutumia mashine moja kuwasha injini na kuchaji. Ya Bell 206B ni ya ampea 150. Ondoa mkanda wa kifuniko, pima urefu wa kila brashi ya kaboni na uangalie mfereji wa kipimo ubavuni mwake. Brashi zikiisha kwa urefu usiolingana, chemchemi moja ni dhaifu au brashi imekwama kwenye nyumba yake. Uso wa shaba unaozunguka uwe na rangi ya kahawia iliyo sawa. Rangi hiyo ni ulinzi, usiikwangue kwa msasa. Mistari iliyochimbika na pande zilizoungua ni sababu ya kuishusha mashine. Fyonza vumbi la kaboni, usilipulize kwa hewa. Ukilipuliza utalisukuma ndani ya koili, na likichanganyika na unyevu hupitisha umeme. Brashi mpya zinahitaji kukalishwa kwa muda uliowekwa kabla ya mashine kubebeshwa mzigo mzima.

Magneto za chapa ya Slick hufunguliwa na kukaguliwa kila saa 500. Hapo ndipo waya wa kuzimia hukaguliwa vizuri, pamoja na ncha zinazotoa cheche.

Hatua ya 8: Funga na washa

Hesabu zana. Kisha mtu mmoja asogeze usukani wote mpaka mwisho wa kila upande, na mwingine atazame kwa tochi kama kuna waya unaovutwa, unaonaswa au unaokaribia fimbo. Usiruke hatua hii kwa haraka ya kukabidhi helikopta. Kama fimbo yoyote ya usukani ilifunguliwa, ukaguzi wa mtu wa pili asiyehusika na kazi ni wa lazima.

Washa injini ardhini. Volti zitulie kwenye kiwango cha mwongozo, kwa kawaida karibu na 28, au 14 kwa mfumo kama wa R22. Washa vifaa kimoja kimoja huku ukitazama ampea. Dira isipoonyesha sawasawa baada ya waya mpya kupita karibu nayo, ipimwe upya na kadi yake ibadilishwe.

Hatua ya 9: Kuandika

Andika namba kamili ya AD pamoja na marekebisho yake, tarehe, jumla ya saa, aya gani ya AD imetekelezwa, taarifa ya mtengenezaji na toleo lililofuatwa, namba za sehemu iliyotoka na iliyoingia, kisha sahihi na namba ya leseni. Andika pia vipimo vyenyewe. “Imekaguliwa, iko sawa” haimsaidii fundi atakayekuja baada yako, lakini “upungufu wa volti 0.4” utamwambia baada ya mwaka kama ungio linazidi kuchoka. AD ambayo haikuhusu nayo iandikwe pamoja na sababu, kwa mfano kwamba namba ya sehemu iliyofungwa haimo kwenye orodha, ili isitafutwe upya kila mwaka.

AD inayorudiwa iandikiwe siku na saa ya kufuata, zote mbili, na itazamwe tena kila kifaa kinapobadilishwa. Kifaa kilichotumika huja na saa zake na kalenda yake. Hesabu huendelea pale kilipofikia, haianzi sifuri siku unapokifunga.